Homa Isiyo Homa

Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria hatuna desturi ya kuliogopa jua. Tunamwogopa mamba, tunaiogopa radi, tunaziogopa pepo za ghafula zinazopindua mitumbwi, na malaria tunaiogopa kwa haki kabisa. Lakini jua tumelifanya mwenzetu. Mtu wa Mwanza akisikia habari za joto hufikiri Dar es Salaam, ambako watu hulala wamelowa jasho, au hufikiri Uarabuni. Kwetu, atakuambia, kuna upepo wa ziwa. Na ni kweli upo. Mji wetu umekaa zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika siku nyingi za mwaka kipimajoto cha mchana huishia kwenye nyuzi 28 au 30 za sentigredi. Mgeni atokaye pwani huvuta pumzi akashukuru.

Nimeishi na upepo huo kwa miaka sabini na kitu, zaidi ya thelathini kati ya hiyo nikiwa mwalimu na baadaye mwalimu mkuu, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba umetudanganya. Kipimajoto cha watu wa hali ya hewa huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya nyasi. Nani kati yetu anafanya kazi ndani ya kisanduku cheupe? Fundi wa kuezeka yuko juu ya bati. Mama wa dagaa yuko juu ya mwamba. Mtoto wa shule amebanana na wenzake themanini chini ya paa lisilo na dari. Panda vilima vya Mabatini au Igogo saa nane za mchana mwezi wa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, upite katikati ya majabali na nyumba zilizong'ang'ania juu yake. Utaona kwamba mwamba hutoa joto kama jiko lililozimwa sasa hivi. Rudi saa mbili za usiku uuguse tena. Bado ni vuguvugu.

Lakini lawama zote si za upepo. Nyingine ni za ulimi wetu. Katika lugha yetu ya kila siku, mtu ambaye mwili wake ni wa moto tunasema ana homa, na mwenye homa pande hizi, kabla hata hajafika zahanati, tumekwisha sema ana malaria. Mama hubeba mtoto akasema, "Mtoto ana joto," naye muuza duka la dawa huelewa mara moja kwamba anatakiwa kutoa nini. Hatuna nafasi kichwani mwetu ya kuweka mtu ambaye amepata moto kwa sababu ya moto. Ni juu ya mtu huyo ninataka kuandika, maana nimeshuhudia wawili: mmoja alipona na mwingine nilikwenda kumzika.

Kwanza niseme jinsi mwili unavyojipoza, kwa namna nilivyofundishwa mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Butimba, tulikuwa na mkufunzi ambaye hakupenda michoro ya ubaoni. Siku ya somo la ngozi aliingia na mtungi wa udongo uliojaa maji na ndoo ya bati iliyojaa maji yale yale, akaviweka dirishani tangu asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana alituita tuonje. Maji ya ndoo yalikuwa ya uvuguvugu. Ya mtungi yalikuwa baridi. Akatuambia tupitishe kiganja ubavuni mwa mtungi: ulikuwa umelowa. "Mtungi unatoka jasho," alisema, "na jasho hilo, likigeuka mvuke, linaondoka na joto la maji yaliyomo. Ndoo haitoki jasho, ndiyo maana inachemka. Ninyi ni mitungi." Tulicheka, lakini sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Mtungi una masharti yake, na mwili pia. Hauwezi kupoza maji ikiwa hewa imejaa unyevu, kwa kuwa jasho halipati pa kwenda. Siku zile za Machi ambapo ziwa limetulia kama kioo, mawingu yamefunika na hakuna jani linalotikisika, kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 29 tu, lakini mtu anachuruzika jasho ambalo halimpozi hata kidogo. Jasho linalodondoka chini ni hasara tupu. Lenye faida ni lile linalokaukia mwilini. Tena mtungi haupozi ukifunikwa kwa nailoni. Wala haupozi ukiishiwa maji. Mtu anayefanya kazi nzito juani huweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja, na wengine zaidi, pamoja na chumvi iliyomo.

Sasa tazama linalotokea ndani. Nikiwa mwalimu mkuu nilikuwa na shida moja isiyokwisha: walimu wachache, madarasa mengi. Ukimwondoa mwalimu Darasa la Tatu ukampeleka Darasa la Saba kwa sababu ya mtihani, Darasa la Tatu linakaa bila mtu. Moyo nao uko katika hali hiyo hiyo. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5 tu. Joto likizidi, ngozi hudai damu nyingi ili joto la ndani liletwe nje. Misuli inayofanya kazi nayo inadai. Kumbe jasho limekwisha punguza maji ya damu yenyewe. Moyo unakwenda mbio kuwagawa walimu wale wale. Wanaonyang'anywa kwanza ni utumbo na figo. Ndiyo sababu mtu aliyezidiwa na joto husikia kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula, na mkojo wake huwa mchache wenye rangi ya chai ya rangi. Ubongo ukipungukiwa damu kidogo tu, anasikia kizunguzungu, anaanguka gwarideni. Kila mwalimu amemwona mwanafunzi wa namna hiyo siku ya sherehe, akabebwa hadi chini ya mwembe, akainuliwa miguu, akapewa maji, na baada ya nusu saa akawa anacheka na wenziwe.

Hapo mwili bado unajitawala. Harara shingoni, misuli ya ndama kukaza baada ya kutwa shambani, kichwa kuuma, uchovu wa kuanguka: hayo yote ni barua za onyo, na dawa yake ni kivuli, mapumziko na maji yenye chumvi kidogo na sukari. Zamani tulifundisha watoto kuyachanganya kwa ajili ya kuhara: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji hayo hayo yanamfaa na aliyetokwa na jasho sana.

Jambo la kutisha huanza pale mwili unaposhindwa kujitawala. Kawaida yetu ni nyuzi 37. Ukipita 40 kwa sababu ya joto la nje au la kazi, na mtu akaanza kubadilika akili, huo waganga wanauita kiharusi cha joto. Utumbo ulioachwa bila damu unaanza kuvuja, na sumu za vijidudu vilivyomo zinaingia kwenye damu. Misuli inayeyuka, na taka zake zinaziba figo. Damu inaganda mahali isipotakiwa na kukosa kuganda inapotakiwa. Ini linaumia. Na ubongo, ambao ndio wenye kuamuru jasho litoke na mtu akae kivulini, unapikwa pamoja na mengine. Hili ndilo ninaloliona kuwa baya kuliko yote: aliye katika hatari hiyo ndiye asiyeweza kuijua. Atakuambia ni mzima. Atagombana nawe ukimzuia. Wa kumwokoa ni mwenzake, na mwenzake amezoea kuona malaria na pombe.

Sasa niwaeleze habari za yule fundi. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mpangaji mtaani kwetu, hodari wa kuezeka. Mwezi wa Februari, miaka kadhaa iliyopita, alikuwa akimalizia paa la nyumba ya ghorofa moja. Kwa maelezo ya msaidizi wake, ilipofika saa saba mchana fundi alianza kukosa misumari, akapiga bati tupu. Akatukana bila sababu. Akavua shati. Akazungumza na mtu ambaye hayupo. Msaidizi alidhani ameamka na pombe ya jana. Walipomteremsha alitapika, miguu ikamlegea, wakampeleka chumbani kwake: chumba kimoja, bati juu, dirisha dogo lenye pazia zito. Mke wake aliniambia msibani, "Mwalimu, mwili wake ulikuwa unaunguza mkono." Akafanya lile ambalo kila mke mwema wa pande hizi angelifanya. Alimpa vidonge viwili vya Panadol, akamfunika blanketi zito ili jasho limtoke na homa ishuke, akafunga mlango asipigwe na upepo. Jioni degedege lilimshika. Alifia njiani, juu ya bodaboda, katikati ya watu wawili waliokuwa wamemshikilia.

Uchunguzi wa maiti haukufanyika. Waliosema kwa upole walisema malaria ilimpanda kichwani. Lakini walikuwapo pia waliokumbuka kwamba fundi alikuwa amenyang'anyana kazi ile na mwenzake wiki mbili kabla, na kwamba mtu mzima mwenye nguvu haanzi kuongea na hewa bila mkono wa mtu. Neno hilo halikusemwa kwa sauti kubwa. Katika Usukuma halihitaji sauti kubwa. Yule fundi wa pili alihama mtaa kabla ya arobaini, yeye na watoto wake wanne. Mimi si daktari, wala sina cheti cha kuonyesha nini kilimuua marehemu. Ninajua alikuwa wapi tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, na ninajua alifunikwa na nini baada ya hapo.

Hapana budi nieleze kwa nini Panadol haikufaa kitu, maana watu wengi, hata wasomi, huliona jambo hili kuwa la ajabu. Homa ya malaria, au ya mafua, au ya kidonda kilichooza, ni joto ambalo mwili wenyewe umeliamuru. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, yenye kazi ya kutunza joto, imepewa habari kwamba adui ameingia, nayo imepandisha kiwango. Ndiyo maana mgonjwa wa malaria hutetemeka kwa baridi huku anaunguza: mwili unajitahidi kufikia kiwango kipya. Panadol inakwenda kuishawishi sehemu hiyo ishushe kiwango. Lakini kwa aliyepigwa na joto hakuna kiwango kilichopandishwa. Ubongo haukuamuru chochote. Joto limevunja mlango likaingia. Dawa inafika kupeleka ombi kwa ofisi ambayo haihusiki, na isitoshe inaliongezea kazi ini lililokwisha umia. Kinachotakiwa ni kuliondoa joto lenyewe, kwa maji na upepo, na kuliondoa upesi.

Hata kipimo cha malaria hakimalizi shaka. Siku hizi zahanati zetu zina kile kipimo cha haraka cha tone la damu, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Mwenye homa na apimwe. Asije mtu akasema mwalimu mstaafu kaandika kwamba malaria si kitu. Lakini Kanda ya Ziwa ni mahali ambapo mtu anaweza kutembea na vijidudu vya malaria katika damu yake bila kuumwa. Mtu kama huyo akianguka juani, kipimo kitasema ana malaria, nacho hakitakuwa kimesema uongo. Bali kilichomwangusha ni kingine. Kwa hiyo swali la kwanza, hata kabla ya damu, ni hili: alikuwa wapi, na akifanya nini?

Aliyelijua swali hilo bila kufundishwa na mimi ni mama mmoja muuguzi, mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Mambo haya yalitokea katika miaka ya 1980. Kulikuwa na mbio za nyika za shule kadhaa, na mimi nilikuwa nimekuja kama mwalimu mgeni, nikiwekwa penye utepe wa kumalizia, si mbali na ufuko. Mbio zilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alichelewa. Tulimsubiri. Watoto wakapasha misuli moto, wakakaa, wakapasha tena. Bunduki ililia saa saba kasorobo.

Kijana aliyekuwa wa tatu aliingia uwanjani akiyumba kama mlevi. Badala ya kuufuata utepe alikata kushoto akawa anakimbilia miti. Wanafunzi walicheka sana. Mwalimu wake alimkimbilia, naye akamsukuma, akatoa matusi ambayo kijana yule, kwa jinsi nilivyoambiwa baadaye, hakuwa nayo. Kisha alianguka. Ngozi yake ilikuwa ya moto na bado imelowa jasho. Hilo nalo ni la kukumbuka, maana wengi hudhani ni lazima ngozi iwe kavu. Mmoja akasema kifafa. Mwingine akasema mapepo. Dereva akawasha gari la kumpeleka hospitali, safari ya zaidi ya saa moja kwa barabara ile.

Yule mama muuguzi alikataa. "Hatoki hapa mpaka apoe," alisema. Akaagiza vijana wanne wambebe mpaka ziwani, wakamlaza penye maji ya kina cha magoti, kichwa kikiwa juu mapajani mwa mmoja wao, huku wengine wakimmwagia maji kichwani na kumpepea kwa mbao za matangazo. Mzee mmoja alipiga kelele kwamba maji ya baridi juu ya mgonjwa wa homa yatamletea kichomi. Mama hakugeuka. Alikataza pia asinyweshwe kitu mpaka aweze kujibu kwa akili, kwani maji ya kumnywesha asiyejitambua huishia mapafuni. Maji ya ziwa letu si ya barafu. Huwa ya nyuzi 24 hadi 27 hivi. Lakini kwa mwili uliopita nyuzi 40 hiyo ni baridi ya kutosha.

Ilichukua kama dakika ishirini. Kijana alifumbua macho akauliza kama mbio zimekwisha anza. Hapo ndipo mama aliporuhusu gari liondoke. Alilazwa siku tano kwa sababu ya figo, kisha akarudi shuleni. Mpaka leo hakumbuki chochote tangu nusu ya mbio. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba madaktari wa wanariadha wanafuata kanuni ile ile: mpoze kwanza, msafirishe baadaye, na ikiwezekana kabla ya nusu saa kupita. Mama yule hakuwahi kuandikiwa hata barua ya shukrani.

Nikirudi kwa mama wa dagaa, nilisema yuko juu ya mwamba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa. Alfajiri mitumbwi inafika mwaloni, na jua likichomoza samaki wanamwagwa juu ya miamba, mchanga au vichanja. Kuanzia hapo ni kazi ya wanawake: kuanika, kugeuza, kufukuza ndege, kutazama wingu. Nimewaona Igombe na Kayenze. Dagaa wanataka jua kali, na kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo bei inavyokuwa nzuri kule Mwaloni Kirumba, kwa sababu waliokauka vizuri wanafika Kongo bila kuoza. Kwa hiyo siku njema ya biashara ndiyo siku mbaya ya mwili. Huwezi kumwambia mama yule aingie kivulini. Samaki wake hawamo kivulini.

Niliwahi kumwuliza mmoja kwa nini hanywi maji na ziwa zima liko mbele yake. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Maji ya ziwa, alisema, yana kichocho na kipindupindu. Ya kununua ni ghali. Na akinywa mengi, atajisaidia wapi? Mwaloni pale choo kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha wanaume. Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi kuliko hotuba nyingi nilizosikia juu ya afya. Yapo madarasa ya wasichana, tena si machache, yanayokaa na kiu kutwa nzima kwa sababu hiyo hiyo, na figo hazijui aibu ni nini.

Si sisi peke yetu. Maji yanayotoka katika ziwa hili pale Jinja hushuka kwa mto Nile hadi Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Mwezi wa Machi 2024 serikali ya huko ilifunga shule zote kwa ajili ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena, kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuanza kuanguka; naibu waziri wao wa elimu alisema kwamba mjini Juba walikuwa wakianguka wastani wa 12 kwa siku. Madarasa mengi ya huko ni ya mabati juu na pembeni. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilizima nikakaa kimya. Kumi na wawili kwa siku! Mwalimu mkuu huwa anahesabu watoto hata akiwa amestaafu.

Wengine wamejipanga. Oman, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wanakwenda kutafuta riziki, sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Wenye kusimamia riadha nao wamejifunza kwa uchungu. Doha mwaka 2019 waliianzisha marathoni ya wanawake usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado kati ya wakimbiaji 68 walishindwa kumaliza 28, kwa sababu unyevu wa usiku ule haukuruhusu jasho kukauka. Septemba 2025 huko Tokyo waliisogeza nyuma kwa nusu saa, ianze saa moja na nusu asubuhi. Na Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu akashinda kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Mwili wa mkimbiaji kama yule umefundishwa joto kidogo kidogo, maana mwili hujifunza: kwa siku kumi hadi kumi na nne za kuzoezwa unaanza kutoa jasho mapema zaidi na kubana chumvi. Kinyume chake ni kijana aliyetoka kukaa darasani miezi mitatu akapelekwa kulima siku ya kwanza, saa saba.

Na mzee? Mzee hajifunzi upesi. Kiu imenipungua; ninaweza kukaa mpaka alasiri bila kutamani maji, na kumbe mwili unayataka. Jasho nalo ni la shida. Mojawapo ya vidonge vyangu vya shinikizo la damu ni vya kutoa maji mwilini, na daktari alinionya juu ya miezi ya jua kali. Basi nimerudi kwenye maisha ya kengele: saa mbili kikombe, saa nne kikombe, saa sita kikombe, nikiwa na kiu nisiwe nayo. Wajukuu hunicheka. Mtungi wangu uko dirishani.

Mwaka jana walimu wa shule anayosoma mjukuu wangu mmoja walinijia wakitaka ushauri juu ya mbio zao za nyika. "Shikamoo, mwalimu," walisema, "wewe ni mzoefu." Niliwaomba mambo matatu. Mbio zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgeni rasmi awepo asiwepo. Wakimbiaji wakimbie wawili wawili katika zile kilometa za mwisho, kila mmoja akijua kumtazama mwenzake machoni na kumwuliza jina la mama yake. Na penye utepe wa kumalizia kuwe na pipa kubwa la maji, na gunia la barafu kutoka kwa wachuuzi wa samaki, ambayo hapa Mwanza haikosi. Vijana waliliona pipa hilo kuwa kichekesho, wakalipa jina la kaburi la mwalimu. Siku ya mbio hakuna aliyelihitaji. Mgeni rasmi alifika saa nne, akawakuta washindi wamekwisha oga na kunywa uji.